Mia Tatu na Nyongeza

Atakayesema huu ni uzee unanisemesha, na aseme. Naye atazeeka.

Jioni ile nilitoka nyumbani kwenda kupiga saa picha. Kazi ya dakika kumi tu. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghala, taa za madukani zinawaka moja moja, nami nimeshika kitambaa kilichofungwa fundo kama mtu aliyebeba yai. Ndani ya kitambaa mlikuwa na saa ya mfukoni. Ilikuwa inatembea. Niliisikia kiganjani... tik, tik, tik... kama moyo wa kifaranga.

Nilikuwa nimeiiba chini ya mto wa mume wangu.

Mume wangu alikuwa fundi saa. Nasema alikuwa, ingawa yupo hai, kwa sababu tangu kiharusi kimpige mwaka juzi hata kijiko hakifiki mdomoni bila mkono wangu. Miaka hamsini alikaa nyuma ya kioo cha kibanda chake, jicho moja limebana lenzi, na kila saa nzuri ya zamani ambayo mwenyewe hakuitaka tena aliinunua akaiweka. Zikafika ishirini na tisa. Za fedha, za shaba, zenye vifuniko na zisizo navyo. Alipoona hatainuka tena aliniambia, "Bi Mkubwa, uza. Zitatulisha." Akaongeza: "Zote uza. Ile moja acha."

Hakuitaja. Hakuhitaji kuitaja.

Kuuza kwenyewe nilifundishwa na Bwana Chaji, mwenye duka la simu pale kona, mtu mzima mwenye kitambi na subira. Yeye anapiga picha, anaiweka mtandaoni kwenye kundi la watu wanaokusanya vitu vya kale, anaandika maelezo. Mazungumzo na wateja nayafanya mwenyewe, kwa ujumbe wa sauti, maana kuandika kwangu ni kwa kusuasua na wateja hawana muda wa kumsubiri bibi atafute herufi. Nabonyeza, nasema, naachia. Wao nao wananijibu kwa sauti. Nimewajua watu wengi kwa makoo yao tu.

Na ofa zao... jamani. Mmoja alisema, "Bibi, hiyo saa imeshakufa, mimi nakusaidia mazishi. Elfu kumi." Mwingine alitaka nimpe saa ya fedha anipe redio isiyo na mkonga. Yupo aliyenililia dakika nne nzima kwamba babu yake alikuwa na saa kama ile, nikatoa machozi, kisha akataja bei ya kilo mbili za sukari. Mwanzoni nilikuwa nawatukana. Bwana Chaji akanikataza.

"Bibi, ofa ya chini si tusi," aliniambia huku akifuta kioo cha simu kwa shati. "Ni mtu anagonga mlango. Usimfukuze, wala usimfungulie. Mwambie asante kwa ofa, taja bei yako, nyamaza. Atakayerudi ndiye mnunuzi."

"Na akirudi na bei ile ile?"

"Asante kwa ofa, bei yako, nyamaza."

Nikaishika hiyo kama sala. Saa ishirini na nane ziliondoka kwa bei za haki, na pale ambapo mteja alilipa vizuri nilimwekea nyongeza, mnyororo au ufunguo wa saa. Shangazi yangu aliyenilea, muuza nafaka, alikuwa akisema mteja asiyepewa nyongeza anaondoka na riziki yako kisogoni. Na akisema pia, huku akinifinya sikio ili nisisahau: "Nyongeza ukishaitamka ni ya mteja. Hata kama hajaibeba, si yako tena."

Ikabaki moja.

Sasa niseme la moyoni. Ile saa ilikuwa ya mke mwenzangu. Fedha tupu, uso mweupe, ua la buluu limechorwa kwa mkono chini ya namba sita. Mwaka mume wangu alipomwoa, tajiri mmoja aliitaka saa ile kwa mia tatu. Mia tatu ya miaka ile ilikuwa inanunua cherehani na meza yake. Mzee alikataa. Akaenda akamvalisha mwanamke shingoni. Mimi siku hiyo nilikuwa na mimba ya mtoto wa tatu, nimesimama mlangoni na ndoo ya maji.

Mke mwenzangu alikuwa fundi cherehani. Mzee alimwita Mshonaji, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitwa nayo. Mimi aliniita Bi Mkubwa, jina la heshima. Heshima haikumbatii mtu. Alikuwa na zamu zake na mimi zangu, na siku za zamu yake nilikuwa nalala nimefumba macho nasikia kupitia ukutani lile cherehani lake, na kicheko cha mzee, ambacho kwangu hakikuwahi kufika. Mchana ananiita Dada, ananishonea magauni bure, na mishono yake ilikuwa haina kosa. Mtu asiye na kosa ningempendaje?

Alikufa miaka mitatu iliyopita. Nililia. Msibani watu waliona nalia.

Nikadhani sasa mzee atakuwa wangu. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani: siku zake zilizobaki, japo za kitandani, ziwe zangu peke yangu. Lakini kila jioni, kwa vile vidole vinavyotetemeka, vidole visivyoweza kufunga kifungo, anaitia ufunguo ile saa. Jasho linamtoka. Hataki nimsaidie. Saa ishirini na nane alizikubali zisimame, hiyo moja akaitembeza. Kisha anaiweka chini ya mto na kulala nayo.

Ukewenza na maiti ni mbaya kuliko ukewenza na mzima. Maiti hazeeki, hanuni, hapiki akaunguza.

Ndiyo maana nikaiiba ikapigwe picha. Nikairudisha kabla hajaamka. "Tuweke laki tatu, Bwana Chaji," nilisema. Nilitaka itoke, ndiyo, lakini itoke kwa bei. Wivu wa miaka arobaini si wa kutupa kwa bei ya karanga.

Kesho yake, jua likiwa linazama, simu ikalia. Sauti.

Nikabonyeza.

Kwanza nikasikia mvumo. Kisha... trrrrr. Kimya. Trrrrr. Halafu mwanamke akasema polepole, midomo imebana:

"Habari za jioni. Ile saa. Nitakupa mia tatu."

Mia tatu. Si laki. Mia. Haitoshi kununua soda. Nilicheka peke yangu jikoni. Nikakumbuka mafundisho. "Asante kwa ofa, mama. Bei ni laki tatu." Nikanyamaza.

Jioni ya pili, saa ile ile.

"Mia tatu. Ina mkwaruzo karibu na bawaba."

Picha haikuonyesha bawaba. Nilikwenda nikaingiza mkono chini ya mto wa mzee, nikapapasa. Mkwaruzo upo. Nikajipa moyo: saa za zamani zote zina mikwaruzo. Asante kwa ofa, bei ni laki tatu.

Jioni ya tatu sikuwa nacheka tena. Nilikuwa nimeshaitambua ile namna ya kusema. Ulimi unapita pembeni, maneno yanatoka na kimluzi chembamba. Ni mtu anayesema huku amebana pini midomoni. Mafundi cherehani wengi husema hivyo, nikajiambia. Wengi sana.

"Mia tatu, Dada," alisema.

Dada.

Nikaipeleka simu kwa Bwana Chaji. Akausikiliza ujumbe, akaupiga tena, akaiweka simu sikioni.

"Bibi, hapa nasikia cherehani tu. Mtu amebonyeza bila kujua akiwa kazini."

"Husikii mtu anataja bei?"

Aliniangalia kwa upole, kama mtu anavyomwangalia bibi. "Nasikia cherehani."

Basi nilipaswa kuiondoa ile picha siku hiyo. Nilipaswa. Lakini nilirudi nyumbani, nikapasha maji, nikamwogesha mzee. Nilimkausha katikati ya vidole vya miguu, nikambadilisha shuka alilolikojolea, nikamlisha kijiko kwa kijiko mpaka mgongo ukaniuma. Nilipomfuta midomo alifumbua macho. Akaniangalia usoni, akatabasamu tabasamu nisilolijua, akasema:

"Mshonaji. Umekula?"

Miaka hamsini na mbili ya ndoa, hajawahi kuniuliza kama nimekula.

Nikatoka. Nikasimama jikoni, mikono inanuka sabuni na mkojo. Na simu ikalia.

"Dada. Mia tatu ndiyo yangu. Na nyongeza je?"

Sikusema asante kwa ofa. Nilibonyeza, na kilichotoka kilikuwa kimekaa kifuani muda mrefu hadi kimeota kutu. Nilisema, "Unataka nyongeza? Nyongeza ni mzee mwenyewe. Si wako siku zote? Njoo umchukue. Njoo umwogeshe wewe."

Nikaachia.

Ukatoka mlio mdogo wa ujumbe kufika.

Halafu jibu. Fupi mno.

"Nimekubali."

Usiku huo nililala kama gogo, nakiri. Kulipokucha niliamshwa na harufu. Nguo iliyopigwa pasi ya mkaa... ule moshi mtamu, na pamba iliyokaribia kuungua. Nyumba yetu haina pasi ya mkaa tangu Mshonaji azikwe. Nikaenda kwa mzee. Amelala. Nikapeleka mkono chini ya mto.

Saa haipo.

Palikuwa na noti tatu. Nyekundu, za mia mia, zimenyooka kama zimetoka dukani kwa mchapaji. Nilizishika nikazitupa sakafuni.

Zilikuwa za moto.

Sikuzigusa tena mpaka alasiri zilipopoa, ndipo nikazipeleka dukani. Bwana Chaji alizigeuza geuza kwenye mwanga wa kioo chake. "Hizi zilifutwa nikiwa mtoto, bibi. Umezitoa wapi? Tukiziweka mtandaoni watu watagombana." Aliona uso wangu akaacha kutabasamu. Nikaketi kwenye kigoda chake. Nikaelewa. Hakuwa amenitolea bei ya chini. Alinitolea bei kamili, kwa pesa ya siku zake. Bei ile ile ya yule tajiri. Hakunipunja hata senti.

Na nyongeza ilikuwa bado hajaibeba.

Nilirudi mbio, mbio za mwanamke wa miaka sabini na moja. Jua linazama. Sebule ina giza, mlango wa chumbani uko wazi kidogo. Nikasikia mzee akicheka. Kile kicheko. Cha kupitia ukutani.

Nikasukuma mlango.

Mume wangu, ambaye kwa mwaka na nusu hajaketi bila mito, alikuwa amesimama katikati ya chumba. Amevaa shati jeupe, kola imekazwa kwa pasi, mikunjo ya mikono kama kisu. Mikono ameinyoosha huku na huku, haitetemeki. Kidevu juu.

Hakukuwa na mtu mwingine.

Kisha mkono wake mmoja ukashushwa. Taratibu. Kitu kikaminya shati kifuani, kikazunguka mgongoni, kikarudi mbele. Na ile sauti, haikuwa simuni sasa, ilikuwa chumbani, chini, ya mtu aliyepiga magoti:

"Kifua... thelathini na nne. Umekonda, mume wangu."

Alikuwa anapimwa.

Na mimi nilijua nguo gani hupimwa mtu kwa utulivu ule.

"Mwache," nikanong'ona.

Shati likalegea.

"Dada. Karibu."

"Chukua noti zako. Biashara imevunjika."

"Nguo iliyokatwa hairudi dukani."

"Nilisema kwa hasira."

"Umeisema miaka arobaini, Dada. Jana ndiyo umeitaja bei tu."

Mzee alikuwa ananitazama, lakini kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia chumba cha watu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko woga. Na bado katikati ya hofu yote ile niliona wivu. Nikaona alivyonyoosha mgongo kwa ajili yake.

Nikaketi chini, palepale kizingitini, ili atakayetoka anikanyage. Kumkatalia nisingeweza, nyongeza nilikuwa nimeitamka. Kumpa nisingeweza pia. Basi nikafanya kazi niliyofundishwa.

"Asante kwa ofa," nilisema. "Mzima simtoi. Nakutolea siku moja kwa wiki."

Kikatoka kimluzi kidogo. Nadhani alicheka, na zile pini mdomoni.

"Siku moja, Dada? Hiyo si bei. Zote saba."

"Asante kwa ofa. Moja."

"Sita."

Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka dirisha likawa jeusi. Nilisikia pumzi ya mzee, na pumzi nyingine nyuma yake, kavu, kama kitambaa kinachopasuliwa polepole.

"Nne," akasema. "Nilikuwa na tatu nikiwa hai. Nina riba yangu."

"Basi, chukua mbili."

"Dada..."

"Mbili."

"Tatu. Kama zamani. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Nawe usibishe hodi."

"Tatu," nilisema. "Na asishonewe sanda. Siku nitakayoona kipande cha kitambaa cheupe humu ndani, hakuna zamu."

Hakujibu. Ila mzee aliishiwa nguvu ghafla akaja chini, nikamdaka, tukaanguka wote wawili. Mikono yake ikaanza tena kutetemeka. Shati lilikuwa bado lina joto.

Miezi minane sasa.

Siku za zamu yake, giza likiingia, namlaza kwenye chumba cha nyuma, nafunga mlango, naondoka. Sibishi hodi. Asubuhi namkuta baridi kama bati. Naweka sikio kifuani pake, nasubiri, nasubiri... kisha moyo unagonga mara moja, kama mtu anayerudi nyumbani akifuta miguu mlangoni. Daktari wa zahanati anasema mapigo ya wazee hupungua siku nyingine, ni kawaida, nimpe maji ya kutosha. Mwanangu akipiga simu anasema, "Mama, umechoka. Tafuta mtu wa kukusaidia." Namjibu msaidizi yupo.

Maana siku hizo mzee huamka safi. Kucha zimekatwa. Ndevu zimenyolewa kuliko ninavyomnyoa mimi. Namtazama kola, na kila mara upo uzi mmoja mweupe umebaki begani. Nautoa, nauchoma kwa kiberiti. Simuulizi kitu. Siku zangu nne namlisha, namwogesha, namsimulia habari za watoto, na yeye anatazama dari kama mtu aliye kituoni.

Jumamosi jioni simu ililia.

"Dada. Hiyo Jumapili yako unaitoa kwa ngapi?"

Sikubonyeza kitu. Nimeifunga simu kwenye kabati, na ufunguo wa kabati ninao kiunoni. Sijamwambia yeyote, hata Bwana Chaji.

Leo asubuhi nilimnywesha mzee chai. Alikunywa vijiko vitatu, akageuza uso, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hana. Akasogeza mdomo sikioni mwangu.

"Bi Mkubwa," alininong'oneza. "Umeshamjibu?"